Ramani ya Ukaguzi Bora na Chumba Namba Kumi na Nne

Nchi yenyewe si ya zamani sana wala haiko mbali sana, ila jina lake hatuwezi kulitaja. Tuliomba kibali cha kulitaja, tukajazishwa fomu kwa nakala sita, na fomu zile bado zinasubiri saini ya ofisa aliyekwenda semina. Akirudi tutawaambia. Kwa sasa msomaji atosheke kujua kwamba ni nchi nzuri, yenye amani, na kwamba kila kilichomo ndani yake kimekaguliwa kikapata hati safi.

Hati safi, kwa asiyejua, ni karatasi anayoitoa mkaguzi wa hesabu kuthibitisha kwamba yaliyoandikwa vitabuni ndiyo yaliyopo. Nchi ile ilikuwa na hati safi nyingi kuliko visima. Shirika la reli lilikuwa nayo, ingawa treni yenyewe ilionwa mara ya mwisho na mabibi wa leo walipokuwa wasichana. Idara ya maji ilikuwa nazo saba, zimetiwa kwenye fremu na kutundikwa ukutani juu ya bomba kavu.

Siri ya mafanikio hayo ilikuwa adabu. Katika nchi ile mkaguzi ni mgeni, na mgeni hukaribishwa sebuleni. Hapekui vyumba vya ndani, hafunui vyungu, haulizi kule nyuma kuna nini. Anakaa, anakunywa chai ya maziwa, anakula sambusa, anasifu mapazia, anasaini. Wala hafiki siku ya tatu, maana wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hakuna kampuni ya ukaguzi iliyowahi kutaka jembe. Mambo yalikwenda hivyo miaka nenda miaka rudi, kila mtu akiwa na furaha, mpaka watu walipoanza kuugua figo.

Vitabu vya Hospitali Kuu vilisema kwamba ndani ya Chumba Namba Kumi na Nne mna mashine tisa za kusafisha damu. Mashine hizo zilinunuliwa, zikakaguliwa, zikapata hati safi miaka mitatu mfululizo. Dosari ilikuwa moja tu: kila mgonjwa aliyefika aliambiwa kwamba mashine ziko mapumzikoni. Wengi waliona hilo ni neno la kitabibu, hawakubisha. Lakini wapo wasio na subira, hasa wale waliokuwa wanakufa, na hao wakaanza kunong'ona, na mnong'ono ukafika bungeni.

Serikali haikulala. Serikali nyingine, zenye papara, zingemtuma mtu akafungue mlango akatazame. Serikali hii iliona mbali. Ilijiuliza swali la msingi: ukaguzi bora ni nini hasa? Ili kulijibu ikaunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Ubora wa Ukaguzi wa Hesabu, yenye ghorofa nne, magari kumi na moja, na lifti inayopanda tu.

*

Ghorofa ya nne ya Taasisi alikaa Sikudhani Lipemba, mchora mielekeo wa daraja la pili. Kazi yake ilikuwa kusoma kila utafiti uliofanywa nchini kuhusu ubora wa ukaguzi, kisha kuchora ramani yake: watafiti wamejazana wapi, wamepungua wapi, nani anamnukuu nani. Kila mada ilipewa duara. Tafiti zikiongezeka, duara linanenepa. Mtafiti akimnukuu mwenzake, uzi unavutwa kutoka duara hadi duara.

Katika miaka kumi, tangu kabla ya Taasisi kuundwa, zilikuwa zimeandikwa tafiti elfu nne mia tatu na sita, na Sikudhani alizisoma zote. Duara nono kuliko yote lilikuwa jekundu, la "Ukubwa wa Kampuni ya Ukaguzi", ambapo ubora ulipimwa kwa idadi ya magari yaliyoegeshwa nje. Lilifuatiwa na "Unene wa Ripoti", ambako ilithibitishwa kwa hesabu nzito kwamba ripoti ya kurasa mia tatu ni bora mara tatu kuliko ya kurasa mia. Kisha "Ukongwe wa Mkaguzi": aliyeikagua ofisi moja kwa miaka ishirini ndiye anayejua vizuri asiulize nini. Karibuni lilikuwa limechipuka duara la njano la vijana, "Wino wa Saini", na humo watu wa wino wa buluu na watu wa wino mweusi walikuwa hawasalimiani. Nyuzi za kunukuliana zilikwenda na kurudi. Wa kwanza alimnukuu wa pili, wa pili alimnukuu wa tatu, na wa tatu, ukimfuatilia, alikuwa amemnukuu wa kwanza kabla huyo hajaandika.

Mshahara wa Sikudhani haukutosha kumfanya mtu asome hayo yote. Alisoma kwa sababu ya mama yake. Figo za Bi Somoe zilikuwa zimechoka, na mara mbili kwa wiki alipanda lori la vitunguu kuvuka mpaka kwenda nchi jirani, ambayo haikuwa na hati safi hata moja ila ilikuwa na mashine. Daktari wa huko alimwambia wazi kwamba barabara ile itamuua kabla ya figo.

"Shikamoo mama. Umeamkaje?" Sikudhani aliuliza asubuhi moja, akimfunga mama yake viatu, maana miguu ilikuwa imevimba.

"Marahaba mwanangu. Nimeamka, na hilo ndilo la kushukuru. Ila nanuka vitunguu hata mtoa roho akija atapiga chafya arudi."

"Vumilia kidogo mama. Nikiimaliza hii ramani, hata kipofu ataona."

"Kipofu ataona, sina shaka," alisema Bi Somoe. "Wasiwasi wangu ni hao wenye macho."

Sikudhani alicheka, lakini moyoni alikuwa ameweka tumaini lake lote kwenye ile ramani. Na alipounganisha uzi wa mwisho aliona kitu kilichomfanya asimame. Maduara yote yalikuwa yamekaa pembeni kuzunguka. Katikati palikuwa peupe kabisa. Katika tafiti elfu nne mia tatu na sita, hapakuwa na mwandishi hata mmoja aliyeinuka kwenye kiti chake kwenda kutazama kama kilichokaguliwa kipo. Alirudia kuhesabu mara tatu. Kisha akachukua kalamu nyembamba akaandika kwa herufi ndogo katikati ya ule weupe: "Hapa hakuna aliyewahi kwenda kuangalia. Mfano: Hospitali Kuu, Chumba Namba Kumi na Nne."

Moyo ulimdunda kwa furaha. Aliamini kazi imekwisha.

*

Mkurugenzi wa Taasisi, Profesa Evodi Kashaija, alikuwa na tafiti mia mbili na kumi na mbili kwa jina lake, tisini kati ya hizo zikimnukuu yeye mwenyewe kwa heshima kubwa. Aliitazama ramani, akavua miwani, akaifuta, akaitazama tena. Machozi yalimlengalenga.

"Dada Sikudhani," alisema, "hili ni pengo."

"Ndiyo, Profesa. Nilikuwa naomba mtu mmoja tu aende Hospitali Kuu. Ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Hata mimi mwenyewe naweza kwenda sasa hivi..."

"Uende wapi?" Profesa alishtuka kama aliyemwona mtoto na kiberiti. "Pengo haliendewi ovyo ovyo! Pengo linatunzwa. Sisi hapa tuko watu mia na arobaini. Unadhani tunakula nini? Tunakula pengo. Likizibwa Jumatatu, Jumanne tuko mtaani."

"Lakini Profesa, usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Waliosema hivyo hawakuwa na bajeti ya utafiti." Alikuwa ameshakaa, ameshachukua kalamu. "Tutaliombea fedha za miaka saba. Mwaka wa kwanza tutalifafanua hili pengo. Mwaka wa pili tutaukosoa ufafanuzi wetu. Wa tatu mpaka wa sita, makongamano."

"Na wa saba?"

"Wa saba tutapendekeza utafiti zaidi."

"Profesa, mama yangu hana miaka saba."

Profesa alimtazama kwa huruma ya kweli, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Alimshika bega.

"Pole sana, dada. Basi tutamtaja kwenye shukrani, ukurasa wa pili. Juu kabisa."

*

Ramani ilizinduliwa na Waziri wa Hesabu, Takwimu na Utulivu, Mheshimiwa Hamduni Chitapa. Kabla ya uwaziri alikuwa mkuu wa wilaya kwa miaka ishirini na miwili, katika wilaya tisa tofauti, na mazoea yana taabu. Tena katika nchi ile ramani isiyo na mkuu wa wilaya huhesabiwa kuwa mchoro tu, na waziri hazindui michoro.

Ramani ilichapwa kwenye kitambaa kikubwa kama ukuta. Kwaya iliimba beti kumi na mbili kuhusu kunukuliana. Waziri alisimama mbele ya kitambaa, akanyoosha fimbo yake kwenye duara jekundu.

"Hii kubwa hii. Kuna wangapi hapa?"

"Elfu moja mia mbili na nane, Mheshimiwa," Profesa alijibu, akiwa na maana ya tafiti.

"Wana zahanati?"

Katika nchi ile waziri hasahihishwi akiwa amesimama, na akikaa anakuwa amechoka.

"Iko mbioni, Mheshimiwa," alisema Profesa.

Waziri aliridhika. Hapo hapo akateua wakuu wa wilaya kumi na wanne. Alimteua wa Ukubwa wa Kampuni, akamteua wa Unene wa Ripoti, na Wino wa Saini akaigawa wilaya mbili, Buluu na Nyeusi, ili kuepusha umwagaji damu. Wote waliapishwa, wakapewa magari na bendera, wakaondoka siku ile ile kwenda kwenye vituo vyao vya kazi. Wawili hawajarudi mpaka leo, na inasemekana bado wanaulizia njia.

Kisha fimbo ikafika katikati.

"Na hapa peupe? Hapa anakaa nani?"

"Hapo, Mheshimiwa, hakuna mtafiti aliyewahi kukanyaga."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Waziri aligeuka kuwatazama wananchi. Sauti yake ikashuka, ikawa nzito kama ya mtu anayesoma wosia.

"Ndugu zangu! Nchi nyingine wakiona mahali kama hapa, wangekuwa wameshaingia na mashoka. Wangekwisha choma mkaa. Lakini sisi, kwa busara yetu, tumekuwa na wasomi wa ukaguzi kwa miaka kumi, na hakuna mguu hata mmoja ulioingia! Haya si mapuuza, ndugu zangu. Huu ni uhifadhi! Kwa mamlaka niliyopewa, natangaza kwamba pengo hili, kuanzia leo, ni Hifadhi ya Taifa. Ni marufuku kuingia bila kibali. Ni marufuku kuwinda. Na ni marufuku kuuliza maswali ndani ya hifadhi baada ya saa kumi na mbili jioni."

Sikudhani alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa, samahani. Hapo si pori. Hapo ni swali."

"Basi ni swali la taifa," alisema Waziri, na makofi yakalipuka, na kwaya ikaanza ubeti wa kumi na tatu ambao haukuwa kwenye ratiba.

Hifadhi huhitaji askari, na askari huhitaji mahali pa kusimama. Juu ya kitambaa hapasimamiki. Ndipo maofisa wakausogelea ule weupe kwa kioo cha kukuzia, wakitafuta anuani, wakaikuta moja tu, kwa herufi ndogo, kwa mwandiko wa Sikudhani. Kufikia Jumatano askari watatu wa hifadhi, wenye kombati na buti, walikuwa wameweka kizuizi mbele ya mlango wa Chumba Namba Kumi na Nne.

Sikudhani alizipata habari hizo akiwa mezani kwake. Alikwenda msalani akalia. Mlango ambao hakuna aliyekuwa akiufungua, sasa hakuna aliyeruhusiwa kuufungua, na aliyeufunga alikuwa yeye, kwa kalamu yake. Alijichukia siku ile kuliko alivyomchukia Waziri. Alinawa uso, akashuka kwa ngazi, akaenda nyumbani.

*

Huko alikuta balaa jingine. Dereva wa lori la vitunguu alikuwa amekuja kuomba radhi.

"Bibi yangu, usinielewe vibaya," alikuwa anamwambia Bi Somoe. "Lakini hali yako ninaiona. Ukinifia njiani, pale mpakani wataniuliza maiti nimeilipia ushuru gani, na mimi karatasi zangu zinasema vitunguu."

"Una haki, baba," alisema Bi Somoe. "Karatasi ikisema vitunguu, viwe vitunguu."

Dereva alipoondoka, Sikudhani alipiga magoti sakafuni akamweleza mama yake yote: pengo, Waziri, hifadhi, askari. Alitegemea kulaumiwa. Bi Somoe alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, wewe umesoma mpaka umepitiliza. Hifadhi si watu wanaingia kutalii?"

Sikudhani alinyanyua kichwa.

Kesho yake alikwenda Hospitali Kuu, akalipa kiingilio cha mwananchi, akapewa risiti yenye picha ya twiga. Askari mmoja, Mfaume, kijana wa watu mwenye adabu zake, alimwondolea kizuizi.

"Karibu hifadhini, dada. Usitoke nje ya njia, usiwashe moto, usilishe chochote."

"Kuna nini cha kulisha?"

"Wallahi sijui. Mimi nalinda tu."

Alizungusha ufunguo. Mlango ulifunguka bila hata kulia, kwa kuwa ulikuwa umetiwa mafuta vizuri.

Ilikuwa sebule. Makochi tisa mekundu yamepangwa ukutani, yamefunikwa vitambaa vya kufuma. Katikati kapeti, juu ya kapeti meza ya kioo, juu ya meza chupa tatu za chai na sahani zenye mfuniko. Kwenye mkono wa kila kochi palipigiliwa kibati chenye maandishi yaliyochongwa: MASHINE YA KUSAFISHA DAMU, NAMBA MOJA. Namba mbili. Mpaka namba tisa. Pembeni kulikuwa na daftari la wageni. Sikudhani alilifungua. Wakaguzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wameandika, "Tumepokewa vizuri mno." Wa mwaka wa pili, "Sambusa zilikuwa za moto. Mungu awazidishie." Wa mwaka wa tatu walikuwa wamesifu vitambaa, na tarehe zao zote zilikuwa ndizo tarehe za hati safi.

Hakuna aliyewadanganya. Walikaa juu ya zile mashine miaka mitatu, wakaegemea, wakanywea chai juu yake, na kwa kuwa walikuwa wageni hawakuuliza kitu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo, na kweli mwenyeji alikuwa amepona. Mgonjwa ndiye ambaye hakutajwa kwenye methali. Sikudhani alihisi hasira ikimpanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Mfaume alikuwa amechungulia kila kona, hata nyuma ya mapazia.

"Dada, na wanyama wenyewe wako wapi?"

"Wamesaini wakaondoka, kaka."

*

Aliandika utafiti wa nusu ukurasa. Ulisema hivi: "Nimeingia Chumba Namba Kumi na Nne. Hakuna mashine hata moja. Kuna makochi tisa. Watu wanakufa." Akauweka mezani kwa Profesa.

Profesa aliusoma kwa uchungu.

"Marejeo yako wapi? Umemnukuu nani hapa?"

"Nimeunukuu mlango, Profesa."

Jopo la wasomi lilikaa siku mbili na kuukataa. Mjumbe wa kwanza alisema sampuli ni ndogo, chumba kimoja hakiwezi kusemea vyumba. Wa pili alisema kuna kasoro kubwa zaidi ya kitaalamu: mwandishi alikuwepo mwenyewe akaona kwa macho yake, jambo linaloweza kuathiri maoni yake.

Hata hivyo nakala moja ilimfikia Waziri, na Waziri akawaka. Alipiga meza ofisini kwake mpaka walio nje wakasimama.

"Haiwezekani! Vitabu viseme hivi na chumba kiseme vile, katika nchi hii hii? Ni aibu! Vilinganishwe leo leo, kabla jua halijazama!"

Habari hiyo ilimkuta Sikudhani kwenye ngazi, akakaa pale pale kwa furaha. Alikimbia mpaka Hospitali Kuu kuzisubiri mashine. Saa tisa alasiri lilikuja gari la wizara, akashuka karani mmoja mwenye rula na kalamu. Karani aliomba rejista ya mali ya hospitali, akapiga mstari ulionyooka juu ya maneno "Mashine za Kusafisha Damu, Tisa," na juu yake akaandika kwa mwandiko mzuri sana, "Makochi ya Tiba ya Figo, Tisa." Vibati vikang'olewa vikapigiliwa vingine. Sasa vitabu na chumba vilisema jambo moja, na ubora wa ukaguzi nchini ukapanda kwa siku moja mpaka asilimia mia.

Hifadhi ilifutwa, kwa kuwa pengo lilikuwa limezibika. Profesa alilia kilio cha mtu aliyefiwa. Waziri alikata utepe, akakifungua chumba rasmi kwa wagonjwa wa figo wote.

*

"Nipelekeni," alisema Bi Somoe. Sauti yake ilikuwa imeshuka mno.

"Mama, ni makochi. Nimekwambia ni makochi matupu."

"Nimesikia. Lakini nimeambiwa wakaguzi wanakuja Jumatatu. Nataka nikae nao."

Walimweka kochi namba tatu. Muuguzi, aliyekuwa na aibu machoni, alimletea chai, na Sikudhani akaisogeza mbali kwa sababu mama yake alikuwa haruhusiwi maji mengi. Saa nne wakaingia wakaguzi watatu wenye tai, wakiongozwa na Bwana Tawakali Mzinga, mkongwe ambaye hakuwahi kukosa sambusa ya Hospitali Kuu. Walipomwona mama mzima amekaa sebuleni, walisita mlangoni.

"Shikamoo mama," walisema kwa pamoja.

"Marahaba wanangu. Piteni, kaeni. Mimi ndiye mwenyeji."

Walikaa. Sahani zikafunuliwa.

"Najua mila yetu," alisema Bi Somoe, akipumua kati ya neno na neno. "Mgeni hapekui. Lakini mwenyeji akifunua mwenyewe, hapo hamjapekua. Si ndiyo?"

Bwana Tawakali alikubali kwamba ndiyo.

Bi Somoe akaufunua mkono wake kwenye khanga. Ulikuwa umekonda, una makovu pale sindano zilipokuwa zikiingia.

"Mkono huu ulikuwa unaunganishwa na mashine ng'ambo ya mpaka. Haya baba. Uunganishe na kochi, nione."

Hakuna aliyetafuna. Bwana Tawakali aliutazama mkono, akalitazama kochi. Akaiweka chini sambusa aliyokuwa ameila nusu, jambo ambalo wenzake hawakuwahi kumwona akilifanya. Akainuka, akaomba rejista, akatoa kalamu.

Na yule mtu akakagua. Alizunguka chumba kizima. Makochi aliyahesabu moja moja, akiyagusa, akaweka alama tisa. Meza ya kioo, moja, ipo. Chupa za chai, tatu, zipo. Alipiga goti akapima kapeti. Ulikuwa ukaguzi wa kwanza wa kweli katika nchi ile, na Sikudhani nusura amkumbatie. Mwisho alifika mbele ya Bi Somoe. Akafungua rejista, akapekua ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu, akirudi na kwenda. Kisha akaandika kitu kirefu, akafunga kitabu, akaaga kwa heshima.

Ripoti ilitoka kesho yake. Ilikuwa hati safi, ila yenye hoja moja, hoja ya kwanza kuwahi kuandikwa na mkaguzi katika nchi ile: "Katika Chumba Namba Kumi na Nne amekutwa mgonjwa mmoja, mwanamke, hali chakavu, ambaye hayumo kwenye rejista ya mali. Uongozi unashauriwa ama umsajili ama umwondoe."

Uongozi ulikaa kikao Jumatano kujadili lipi kati ya mawili, ukaahirisha. Alhamisi alasiri Bi Somoe alifariki kwenye kochi namba tatu, mkono wake wenye makovu ukiwa ndani ya mkono wa bintiye, akatolewa kwa mlango wa nyuma. Karani alifungua ripoti, na kwenye safu ya utekelezaji akaandika: "Limetekelezwa." Lilikuwa pendekezo la kwanza la ukaguzi kutekelezwa kikamilifu tangu nchi ile ipate uhuru, tena kabla ya muda uliopangwa, na Waziri alilitaja bungeni.

Profesa Kashaija alikuja matangani siku zote tatu. Alivua viatu, akakaa mkekani, akalia na waliolia. Siku ya kuanua tanga alimvuta Sikudhani kando, kwenye kivuli cha ukuta, akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna jambo linamsumbua. Mada ya "Utekelezaji wa Mapendekezo ya Wakaguzi" haikuwahi kuwa na mfano hata mmoja, na sasa upo. Baada ya arobaini, kama hataona vibaya, Sikudhani angeweza kuiongeza kwenye ramani. Duara dogo tu, la kijani.

Sikudhani hakuwa na machozi yaliyobaki.

"Profesa," alisema, "mama yangu si duara."

Profesa aliinamisha kichwa, akatikisa, akatikisa tena. Kisha akatoa kijitabu mfukoni, akamwomba ruhusa ya kumnukuu.